Maisha ya Bibi Edith Cavell

Upande wa mashariki wa Uingereza, maili chache kutoka mji wa Norwich, kuna kijiji kiitwacho Swardeston. Katika kijiji hicho alizaliwa Edith Cavell, tarehe 4 Desemba 1865, mtoto wa kwanza wa padre wa kanisa la pale. Baba yake, Frederick Cavell, alikuwa na watoto wanne, binti watatu na mwana mmoja, wala mshahara wake haukuwa mkubwa. Nyumba ya padre aliijenga kwa fedha zake mwenyewe, na kwa hiyo mkono wake ulikuwa mtupu miaka mingi. Hata hivyo ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba siku ya Jumapili, chakula kikiisha kupikwa, sehemu yake hupelekwa kwa maskini wa kijiji.

Edith alipenda sana kuchora. Kanisa lilipohitaji chumba cha kufundishia watoto, yeye na mama yake walichora kadi wakaziuza, hata zikapatikana karibu pauni 300, na chumba kikajengwa. Baadaye alipelekwa shule za mbali na nyumbani, na katika mmoja wa miji hiyo, Peterborough, alijifunza Kifaransa vizuri kabisa. Kifaransa hicho ndicho kilichomfungulia njia ya maisha yake yote. Mwaka 1890 alikwenda Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, akakaa katika nyumba ya tajiri mmoja na kuwafundisha watoto wake, akaifanya kazi hiyo miaka mitano.

Mwaka 1895 baba yake akaugua sana. Edith akaacha kazi, akarudi Swardeston, akamwuguza mpaka akapona. Katika miezi hiyo ya kukaa kando ya kitanda ndipo alipojua kazi anayoitaka. Alikuwa anakaribia miaka thelathini. Umri huo wanawake wengi wa nchi yake walikuwa wameolewa zamani na kupata watoto, na yeye alikuwa anataka kuanza kuwa mwanafunzi. Mwezi wa Desemba mwaka ule aliingia katika hospitali ya wagonjwa wa homa huko Tooting, kusini ya London, ili ajaribu nguvu zake. Alipoona kwamba anaweza, akaomba nafasi ya kujifunza katika hospitali kubwa iitwayo London Hospital. Akakubaliwa, akaingia mwezi wa Septemba mwaka 1896.

Hospitali hiyo ilikuwa katika mtaa wa Whitechapel, mashariki ya jiji. Msomaji asidhani kwamba London yote ilikuwa majumba ya fahari. Huko Whitechapel walikaa wachukuzi wa bandarini, washonaji wa nguo wanaolipwa senti chache, na maelfu ya Wayahudi waliokimbia mateso katika nchi ya Urusi. Watu kumi waliweza kulala chumba kimoja. Walipougua au kuvunjika mifupa walikimbilia hospitali ile, ambayo haikudai malipo, bali iliishi kwa sadaka za watu wenye mali. Vitanda vyake vilikuwa zaidi ya 700, na mara nyingi havikutosha.

Mkuu wa wauguzi alikuwa Bibi Eva Lückes. Alikuwa amepewa kazi hiyo tangu mwaka 1880, akiwa kijana wa miaka ishirini na sita tu, naye aliikuta hospitali katika hali mbaya. Wauguzi wa zamani wengi wao hawakujua kusoma, na wengine walikuwa walevi. Bibi Lückes aliwaondoa wasiofaa, akaandika kitabu cha mafundisho, akatengeneza masharti ya kuwapokea wanafunzi. Bibi Florence Nightingale, yule aliyewauguza askari katika vita ya Crimea, alikuwa rafiki yake, na Bibi Lückes alizoea kumwomba shauri.

Jambo moja alilolianzisha lastahili kuelezwa. Katika hospitali nyingi za siku zile msichana aliingia wodini siku yake ya kwanza, akajifunza kwa kutazama wenziwe, na alipokosea, aliyeumia ni mgonjwa. Bibi Lückes hakupenda hivyo. Mwaka 1895, mwaka mmoja kabla ya kuja kwa Edith, nyumba iitwayo Tredegar House ilifunguliwa, na tangu hapo wanafunzi wapya walikaa humo majuma kadhaa kwanza. Humo walijifunza habari za mifupa, moyo, mapafu na damu. Walijifunza usafi, na jinsi ya kufunga bendeji kwa namna nyingi, ya kichwa, ya bega, ya kifundo cha mguu. Walijifunza kupika supu na uji wa wagonjwa, maana chakula cha mgonjwa ni sehemu ya dawa. Baada ya hayo ndipo walipopelekwa mbele ya kitanda chenye mtu hai ndani yake. Katika Uingereza hapakuwa na hospitali iliyotangulia kufanya hivyo.

Kazi ya wodini ilianza saa moja asubuhi, ikaisha saa tatu na dakika ishirini usiku. Katika muda huo mwanafunzi alipewa nafasi ya kula na saa chache za kupumzika. Alitandika vitanda, akaosha wagonjwa, akawageuza wasiojiweza wasipate vidonda vya mgongo, akasugua vyombo, akaandaa vitambaa vya daktari mpasuaji. Mafundisho ya madaktari na ya Bibi Lückes yaliwekwa juu ya kazi hiyo. Mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama alitakiwa kukaa jioni na kalamu, aandike kazi ya moyo au sumu ya vidonda, na baadaye aulizwe katika mtihani. Ninyi mnaolalamika kwamba masomo ya mchana yawachosha, pimeni wenyewe.

Wanafunzi walikuwa watu wa namna nyingi. Wengine walikuwa mabinti za mapadre kama Edith, wengine za madaktari, wafanyi biashara au wakulima. Walikaa pamoja katika nyumba ya wauguzi, wakala meza moja, wakashika sheria moja. Aliyekuwa na mtumishi nyumbani kwao alichukua ndoo sawa na asiyekuwa naye. Kila mmoja aliahidi kukaa miaka minne, miwili ya kujifunza na miwili ya kuitumikia hospitali. Wako waliosema kwamba hayo ni mzigo mzito kupita kiasi. Mwaka 1890 watu wa Baraza la Malordi waliwaita mashahidi ili kuchunguza hospitali za London, na baadhi ya waliowahi kuuguza pale walilalamika juu ya chakula, uchovu, na ukali wa Bibi Lückes. Alijibu, akabaki katika kazi yake. Kwa maoni yangu walalamikaji hawakusema uongo, wala mwenye kulalamikiwa hakuwa mtu mbaya. Hospitali ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko mikono.

Edith aliyaingia maisha hayo akiwa mtu mzima aliyezoea kujitawala. Miaka mitano yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, na watoto walimtii. Sasa aliamriwa na wasichana wadogo kuliko yeye waliotangulia kuingia, akaambiwa jinsi ya kukunja shuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kujiwekea mawazo yake moyoni, na wengine walimdhania ana kiburi.

Alikuwa amekwisha mwaka mmoja wakati habari mbaya zilipofika kutoka mji wa Maidstone, kusini mashariki ya London. Wakati wa majira ya kupukutika kwa majani, mwaka 1897, maji ya chemchemi zilizolisha mji huo yalikuwa yameingiwa na uchafu, na homa ya matumbo ikaenea nyumba kwa nyumba. Watu zaidi ya 1,700 wakaugua. Hospitali ya mji haikutosha, ikabidi wagonjwa walazwe katika mashule na majumba mengine. Mji ukaomba wauguzi kutoka kila mahali. London Hospital ilipeleka sita, na mmoja wao alikuwa Edith Cavell.

Siku zile hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya homa hiyo ndani ya mwili. Daktari aliweza kuitambua, lakini aliyempigania mgonjwa mchana na usiku alikuwa mwuguzi. Homa ilikaa majuma matatu au zaidi. Mgonjwa aliungua kwa joto, akaweweseka, akataka kuruka kitandani. Ilipasa kumsugua kwa maji ya baridi ili joto lishuke, na kumnywesha maziwa kidogo kidogo kila baada ya saa chache. Hatari kubwa ilikuja alipoanza kupata nafuu, kwa maana njaa ilimshika kweli kweli, akalia apewe mkate, na utumbo wake ulikuwa na vidonda. Kipande kimoja cha chakula kigumu, alichopewa na ndugu mwenye huruma, kingeweza kuutoboa utumbo na kumwua aliyekwisha kupona. Basi mwuguzi alihitaji moyo wa huruma na moyo wa kukataa, vyote viwili katika saa moja. Tena kila chombo na kila shuka lililotoka kwa mgonjwa lilikuwa na ugonjwa ndani yake, na asiyeosha mikono vizuri alijilaza mwenyewe.

Watu 132 walikufa katika Maidstone. Hesabu hiyo ni ya kusikitisha, lakini mjue kwamba katika kila watu kumi na watatu walioshikwa na homa, kumi na wawili walipona. Wauguzi wa ugenini walipewa medali na mji ule kwa shukrani, na Edith akaipata yake. Kisha akarudi Whitechapel kwenye ndoo na daftari.

Mwaka 1898 mafunzo yake yalipokwisha, Bibi Lückes aliandika maoni yake juu ya Edith katika daftari lake kubwa, kama alivyofanya kwa kila mwanafunzi. Maneno hayo yamehifadhiwa mpaka leo. Hayakuwa mazuri. Aliandika kwamba Edith ana akili ya kutosha kwa kazi hiyo anapotaka kuitumia, lakini hakuwa na bidii kamili; kwamba hafiki kwa wakati; kwamba namna yake ya kujitosheleza iliwafanya watu wasimpende upesi; na kwamba si mwuguzi wa kutegemewa kabisa.

Mimi ni mwalimu, na nimeandika maoni juu ya wanafunzi kwa miaka mingi. Siwezi kusema kwamba Bibi Lückes alimwonea. Alikuwa na wanafunzi wengi, macho yake yalikuwa makali, na pengine katika mwaka ule Edith alichelewa kweli. Mwalimu huandika anachokiona siku ile, yajayo hayaoni. Linalonipendeza ni kwamba baada ya kuandika hayo hakumfungia mlango. Alimtuma kuuguza wagonjwa majumbani mwao, na alipotaka kazi kubwa zaidi mahali pengine, alimsaidia kuipata. Edith naye hakumwekea kinyongo. Muda wa miaka mingi aliendelea kumwandikia barua mkuu wake wa zamani, kumpa habari na kumwomba shauri.

Kuanzia mwaka 1901 alifanya kazi katika hospitali za maskini za London, kwanza St Pancras, akiwa msimamizi wa usiku, kisha Shoreditch, na mwaka 1906 akawa Manchester. Wadogo zake wawili wa kike nao walikuwa wauguzi.

Huko Brussels alikuwako daktari mmoja mpasuaji jina lake Antoine Depage. Daktari huyu alisumbuka kwa sababu Ubelgiji haukuwa na shule ya wauguzi kama zile za Uingereza. Wagonjwa walitunzwa na masista wa dini, wenye upendo mwingi, lakini ambao hawakufundishwa elimu mpya ya usafi na vijidudu. Akakusudia kufungua shule, akatafuta mwanamke aliyefundishwa Uingereza na ajuaye Kifaransa. Akaambiwa habari za Edith Cavell. Shule ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1907 katika nyumba nne zilizounganishwa, na wanafunzi waliokuja mwanzoni walikuwa wachache, wahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kisa cha uchache huo kilikuwa fahari. Jamaa za heshima katika Ubelgiji waliona kwamba binti akifanya kazi kwa mshahara amejishusha, na kazi ya kuosha wagonjwa ndiyo iliyoonekana ya chini kabisa. Bibi Cavell hakubishana nao. Aliwavika wanafunzi wake nguo za samawati na aproni nyeupe, akawafundisha, akawatuma kazini, akangoja. Baadaye Malkia Elisabeth wa Ubelgiji alivunjika mkono, akaagiza mwuguzi kutoka shule ile. Tangu siku hiyo maneno ya dharau yakapungua sana. Kufika mwaka 1912 wauguzi wake walikuwa wakitumika katika hospitali tatu na katika shule nyingi za mji, na wanafunzi walitoka Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi, Uingereza na Ujerumani.

Na maisha ya wanafunzi hao yalikuwaje? Wakati wa chakula cha asubuhi Bibi Cavell aliketi mezani na saa yake mbele yake. Aliyechelewa zaidi ya dakika mbili aliongezewa kazi ya saa mbili. Yule aliyeandikwa katika daftari la London kwamba hafiki kwa wakati! Sijui kama wanafunzi wake walipata kusikia habari za daftari lile. Nadhani wangecheka sana. Lakini hakuwa mkali tu. Jioni alikaa nao wakazungumza habari za kazi na za maisha, na aliyekuwa na shida aliweza kumwendea faraghani. Alikuwa na mbwa wawili aliowapenda, Jack na Don, na Jack alimfuata huko na huko.

Mwezi wa Agosti mwaka 1914 alikuwa likizoni kwa mama yake katika Norfolk, akipalilia bustani, habari za vita zilipomfikia. Ni vita ile ile iliyofika hata kwetu Afrika ya Mashariki na kuwachukua wapagazi wengi wasirudi tena. Angeweza kukaa kwao kwa salama. Akarudi Brussels mara moja. Wanafunzi Wajerumani ilipasa warudi kwao. Waliobaki aliwaambia kwamba majeruhi wote watauguzwa sawasawa, awe Mbelgiji au Mjerumani, maana kila mmoja ni baba, mume au mwana wa mtu. Tarehe 20 Agosti majeshi ya Ujerumani yakaingia mjini.

Katika miezi iliyofuata, askari Waingereza wawili waliopotezana na jeshi lao waliletwa usiku mlangoni pa shule. Sheria ya Wajerumani ilisema kwamba amfichaye adui ataadhibiwa vikali. Bibi Cavell akawapokea, akawaficha majuma mawili, kisha wakaongozwa kwa siri mpaka Uholanzi, nchi isiyokuwa vitani. Baada yao wakaja wengine, na wengine tena. Karibu watu 200 walipita katika mikono yake, na kila mmoja wao alimtegemea. Naye aliendelea kufundisha. Wanafunzi waliandika masomo yao na kufanya mitihani, na jengo jipya la shule, alilokuwa amelitamani miaka mingi, lilikuwa likijengwa.

Tarehe 5 Agosti 1915 alikamatwa na kutiwa katika gereza la St Gilles. Hakukana aliyoyatenda. Alikaa humo majuma kumi. Mwezi wa Oktoba alipelekwa mbele ya baraza la vita pamoja na wenziwe, na baada ya siku mbili za kesi akahukumiwa kufa. Wajumbe wa Marekani na wa Hispania walikwenda usiku kumwombea, wasisikilizwe.

Kabla ya mwisho aliwaandikia barua wanafunzi na wauguzi wake. Aliwakumbusha mwanzo mdogo wa shule na mazungumzo yao ya jioni. Akawaambia kwamba huenda wapo waliomwona mkali mno, na kwamba mara nyingine alikuwa mkali kweli, lakini amewapenda kuliko walivyojua. Padre aliyemzuru usiku wake wa mwisho alimkuta ametulia. Alimweleza padre kwamba majuma yale kumi yalikuwa pumziko, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa ya haraka, na kwamba haimpasi kumchukia mtu yeyote.

Alfajiri ya tarehe 12 Oktoba 1915 akapigwa risasi, na pamoja naye Mbelgiji Philippe Baucq. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Vita ilipokwisha mwili wake ulirudishwa Uingereza, mwezi wa Mei mwaka 1919. Watu wengi walisimama kando ya njia za London ulipokuwa ukipelekwa katika kanisa la Westminster Abbey. Bibi Lückes hakuwako. Alikuwa amefariki miezi mitatu kabla, tarehe 16 Februari, baada ya kuisimamia hospitali yake miaka thelathini na tisa. Kutoka Westminster jeneza lilichukuliwa kwa gari la moshi mpaka Norwich, maili chache kutoka Swardeston, likazikwa kando ya ukuta wa kanisa kuu.